Mnyapara na Mtu wa Tisa

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alfajiri Mnyapara aliposimama kando ya moto, akafungua mkoba wake wa ngozi, akasema neno moja: "Vipande."

Nina hakika na wakati huo kwa sababu saa ya Bwana ilikuwa mkononi mwangu. Bwana alitaka kila jambo la safari liandikwe pamoja na dakika yake: tulipoamka, tulipoondoka, tulipofika. Mimi nilikuwa karani wa shamba lake upande wa Moiben, na kazi yangu mlimani ilikuwa kuandika. Tulikuwa tumepiga kambi kwenye Mlima Elgon, mahali ambapo mianzi imekwisha na nyasi ngumu za baridi zimeanza. Juu ya kambi kulikuwa na maziwa mawili madogo, moja juu ya lingine, na juu ya maziwa hayo kilele cha mawe matupu. Siku hiyo Bwana na wageni wake wawili kutoka Nairobi walikusudia kukipanda na kurudi kabla ya jioni. Daftarini niliandika: kazi ya siku moja.

Wapagazi walikuwa wanane. Kila mmoja alivua kamba shingoni na kutumbukiza kikebe chake mkobani. Wanaoanza kazi siku hizi hawakuvaa kitu hicho, kwa hiyo nieleze. Kipande kilikuwa karatasi yenye jina la mtu, alama za vidole vyake na sahihi za mabwana aliowafanyia kazi, imekunjwa ndani ya kikebe cha bati. Mwanamume Mwafrika aliyekutwa barabarani bila kipande alihesabiwa kuwa mtoro mpaka athibitishe kwamba siye, na mahali pa kuthibitishia palikuwa selo.

Wa mwisho kutoa alikuwa Nyongesa, mtu mrefu kutoka Kimilili, aliyependa mzaha hata kabla ya chai.

"Mnyapara, chunga hiyo," alisema. "Bibi yangu anaijua kuliko sura yangu."

"Sura yako haina sahihi ya Bwana. Weka."

Watu wakacheka. Mkoba ukafungwa kwa mafundo mawili.

Nilimjua Mnyapara kwa miaka kumi na minne, nusu yake kabla ya alfajiri hiyo na nusu baada yake. Jina lake ninalo, kwa maana niliandika majina ya watu wote wa shamba kila mwezi, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitamka. Hata mkewe aliuliza, "Mnyapara amekula?" Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sikumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusema asichoulizwa.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mguu wake wa kushoto ulikosa vidole viwili vilivyoliwa na funza zamani. Alivaa koti la jeshi lililokwisha vifungo, akalifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Msituni alitembea miguu mitupu. Kwenye mawe alivaa akala alizokata mwenyewe kutoka tairi la lori. Mwendo wake ulikuwa wa polepole kiasi cha kuudhi. Wageni waliotoka Nairobi na buti mpya walimpita asubuhi, na kufika saa tano aliwakuta wamekaa kwenye jiwe, midomo wazi kama samaki. Hakuwacheka. Aliwapita kwa mwendo ule ule.

Kuhusu mawe alikuwa na maneno yake. "Jiwe ya asubuhi ni mwongo," alituambia kila mwaka, maana mawe ya juu hulala na ngozi nyembamba ya barafu isiyoonekana, na mtu huweka mguu akidhani ni pakavu. Kwa hiyo kabla ya jua kuyafikia aligonga kila jiwe kwa fimbo kwanza, kama mtu anayebisha hodi. Mgeni mmoja, bwana mwenye ndevu nyekundu, alimwona akifanya hivyo na akauliza kwa Kiswahili cha mashambani kama mzee anaogopa. "Ndiyo, Bwana," alijibu. Dakika chache baadaye yule bwana alikaa chini bila kutaka, akashuka mteremko kwa makalio yake mpaka kwenye majani. Mnyapara alimfuata, akamwokotea kofia, akaipangusa na kumrudishia kwa mikono miwili. Usoni hakuwa na kitu. Usiku ule tu ndipo nilipomsikia akicheka peke yake chini ya blanketi.

Hakujua kusoma. Hata hivyo alijua kila kipande kwa kikebe chake: hiki kimebonyea pembeni, kile kina kutu mdomoni, cha fulani kamba yake ina fundo la kufungia ng'ombe. Mara moja nilitaka kumpima. Nilichanganya vikebe thelathini juu ya meza ya stoo, nikamwomba avigawe akiwa amefumba macho. Alipapasa kimoja kimoja akiita majina. Alipofika cha kumi na saba alinyamaza, akakizungusha vidoleni.

"Hii si ya mtu wa hapa."

"Ni ya nani?"

"Karani, wewe unacheza na mimi. Hii ni yako, umetoa kamba."

Alifumbua macho akanirushia. Sikumpima tena.

Mkoba ule ulikuwa na historia, ingawa yeye hakuisimulia. Mpishi ndiye aliyeniambia. Kabla sijaja shambani, wapagazi watano waliangusha mizigo msituni alfajiri ya siku ya kilele wakakimbia, kwa maana baridi ya juu huwatia watu hofu kuliko chui. Wageni wa Bwana walikosa hema na chakula. Waliporudi, Mnyapara alilazwa kwenye mlango wa stoo, akachapwa kiboko mbele ya wake za wafanyakazi. Mwaka uliofuata alikuja na mkoba wa ngozi ya ndama alioushona mwenyewe. Nilimwuliza kama habari hiyo ni kweli.

"Kuna watu walisoma kwa kitabu," alisema. "Mimi nilisoma kwa mgongo."

Tangu hapo desturi ilikuwa hiyo. Asubuhi ya kilele alikusanya vipande, akavibeba yeye mpaka juu na mpaka chini, na kila mtu alirudishiwa chake kambini baada ya kuweka mzigo. Changu pia. Nakumbuka jinsi shingo ilivyokuwa nyepesi siku hizo, wepesi mbaya, kama jino lililong'olewa. Katika miaka saba niliyoandika safari hizo, hakuna mpagazi hata mmoja aliyetoroka. Desturi mbaya inaweza kufanya kazi vizuri kwa miaka mingi.

Alikuwa na ukali wa namna mbili. Ukali wa mdomo alimpa kila mtu bila ubaguzi. Alituita kondoo, alituita mifuko ya posho, alituambia mama zetu walipoteza maziwa yao bure. Baada ya kukutukana alikuja kukaa karibu nawe, akafungua kikopo cha ugoro, akakusogezea. Ukali wa pili ulikuwa wa sheria, na huo haukuwa na ugoro nyuma yake. Kwenye sheria hakumsikiliza mtu.

Jumapili, tukiwa na ruhusa ya kwenda Eldoret, ambayo sisi tuliita Sisibo, alikaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, akaimba kwa sauti kubwa maneno ambayo hayakuwemo kitabuni. Kabla ya sadaka alitoka nje kutazama kama mvua inakuja. Lakini mlimani, kila alipofika ziwa la juu, alimega tonge la ugali baridi akalitupa majini kabla ya yeye mwenyewe kunywa.

"Hiyo ni ya nani?" nilimwuliza mwaka wa kwanza.

"Ya mwenye ziwa."

"Na yule wa Jumapili?"

"Yule amewekewa sahani na watu wote wa Sisibo. Huyu ana mimi peke yangu."

Sasa nifike kwenye mtu wa tisa, kwa maana bila yeye habari hii haieleweki.

Kila mwaka, Bwana alipotaja wapagazi wanane, Mnyapara aliomba tisa. Mizigo ya Wazungu ilitosha watu wanane: chakula, kamba, kamera, makoti, sanduku la chai. Mtu wa tisa alibeba gunia lenye blanketi mbili, kuni kavu na sufuria ndogo. Alipanda nyuma ya wote. Mtu akiugua njiani, mtu wa tisa alikaa naye, akawasha moto, akamfunika, akamngojea apone au akamshusha kambini. Kwa kuwa hakuwa na mzigo wa Bwana, hakuna aliyeweza kusema ametoroka nao, na kwa hiyo yeye peke yake hakutoa kipande. Bwana alilalamika kila mwaka kwamba hamwoni akifanya kitu.

"Bwana, huyu hana mzigo ya Mzungu," Mnyapara alimwambia mbele yangu. "Mzigo yake ni sisi."

Bwana alikubali, akinung'unika. Miaka sita mtu wa tisa alipanda, na katika miaka hiyo sita alishusha wagonjwa wanne. Mwaka wa saba, mwaka ambao nzige walikuwa wamekula mahindi ya Moiben mpaka mabua, mtu wa tisa hakuwepo. Sababu yake nitaisema mahali pake.

Tuliondoka kambini saa kumi na moja kamili. Ziwa la chini tulilifikia saa kumi na mbili na dakika tano. Ukingo wake ulikuwa na barafu upana wa mkono, na miti ile minene ya mlimani yenye vichwa kama kabichi ilisimama kimya imejikunyata, majani yamefunga. Saa moja na dakika kumi tulikuwa ziwa la juu. Maji yake ni meusi, na upande wa pili mawe yanapanda moja kwa moja.

Hapo Nyongesa aliweka mzigo chini, akatapika. Alikuwa amekuwa kimya tangu ziwa la chini, na sisi tulipaswa kutambua. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kichwa kinapasuliwa kwa shoka.

Mnyapara alimwangalia, akamshika paji la uso, akageuka nyuma kama mtu anayetafuta mtu. Hakukuwa na mtu nyuma.

"Mnyapara," Nyongesa alisema, "nipe kipande yangu. Nishuke pole pole mpaka kambi. Mpishi iko huko."

"Ukishuka peke yako utaanguka."

"Sitaanguka. Njia naona. Nipe tu."

"Kipande inashuka na mimi. Wewe unajua."

"Mimi ni mgonjwa, si mtoro. Angalia, hata mzaha imeisha."

Nadhani alijaribu kucheka. Mnyapara aliweka mkono juu ya mkoba, na mimi niliyesimama hatua tatu kutoka hapo niliona vidole vyake vikigusa fundo la kwanza. Bwana aliita kutoka mbele: "Nini huko? Upesi!" Vidole viliondoka.

"Kaa hapa," Mnyapara alimwambia. Alimwonyesha jiwe lililopasuka katikati, mahali pa kujikinga upepo. Alivua koti lake la jeshi, akamvisha, akafunga ile kamba ya katani kiunoni pake. "Saa nane tunapita hapa. Usitoke. Nikikukosa hapa sitakutafuta mahali pengine."

"Nikitoka nitaandikwa nini?"

"Utakuwa umetoroka."

Mzigo wake uligawanywa. Tulimwacha saa moja na nusu. Nilitazama nyuma mara moja. Alikuwa amekaa, mikono ndani ya makwapa, akiangalia mkoba unavyopanda.

Kilele hakihitaji maneno mengi. Ni saa tatu na zaidi za kushika mawe kwa mikono, na Mnyapara, mwenye shati tu, alitangulia akibisha hodi. Tulifika saa tano kasorobo. Anga lilikuwa wazi, na maziwa yote mawili yalionekana chini, madogo kama macho ya ng'ombe. Wageni walipiga picha na kula kuku. Nilijaribu kuliona lile jiwe lililopasuka, lakini lilikuwa upande uliofichwa.

Saa sita mawingu yalianza kupanda kutoka bondeni. Mmoja wa wageni alitaka kushuka kwa mgongo wa mlima upande wa magharibi, ambako alidhani mawe ni rahisi zaidi, na Bwana alikubali. Njia hiyo hurudi kambini bila kupita ziwa la juu.

Mnyapara alisimama mbele ya Bwana. Hilo lenyewe halikuwa jambo dogo.

"Bwana, mtu iko kwa ziwa ya juu."

"Yule mgonjwa? Yeye iko kambi sasa. Yeye nakula nyama yangu huko."

"Hapana, Bwana. Nilimwambia akae."

"Yeye hapana mtoto. Yeye naona baridi, yeye nakwenda kambi. Wewe nataka acha wageni wangu kwa mawingu?"

"Nipe ruhusa, Bwana. Karani anaweza kuongoza kwa mgongo, ni wazi. Mimi nipite ziwani."

"Wewe ni mnyapara ya nani?" Bwana aliuliza. "Yangu, au yake?"

Mnyapara alitazama upande wa ziwa, muda ambao sikuuandika. Kisha akageuka, akachukua fimbo yake, akaelekea magharibi. Tulimfuata.

Tulifika kambini saa kumi na nusu. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu. Mpishi alisema hajamwona Nyongesa. Bwana aliposikia alisema basi amekimbilia kwao Kimilili, si mbali, na akaomba chai. Mvua ya mawe ilianza hapo hapo. Mnyapara hakuomba ruhusa mara ya pili. Alichukua taa ya mafuta na blanketi yake, akaenda. Alirudi baada ya muda wa saa nne, taa imevunjika kioo, goti limepasuka mpaka mfupa mweupe. Hakuweza kulifikia hata ziwa la chini. Alikaa karibu na moto bila kuvua nguo mbichi, na mkoba ulikuwa bado begani.

Nyongesa tulimkuta kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sisi watu sita: Mnyapara, mimi na wapagazi wanne. Alikuwa kwenye lile jiwe, amekaa vile vile, ndani ya koti la jeshi. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa barafu.

Mimi ni mtu wa kupima, na sikujua la kufanya na mikono yangu, kwa hiyo nilipima. Kwenye tope la kando ya ziwa nyayo zake zilikuwa zimeganda. Zilishuka kwenye njia ya kambini hatua mia mbili na kumi, zikasimama, zikageuka, zikarudi kwenye jiwe. Kisha zilishuka mara ya pili, hatua mia tatu na zaidi kidogo, mpaka mahali ambapo mtu anaanza kuliona ziwa la chini. Hapo alikuwa amezunguka zunguka, tope limevurugika. Kisha alirudi tena. Mtu mwenye nguvu ya kushuka na kupanda hivyo mara mbili alikuwa na nguvu ya kufika kambini. Niliwaeleza wenzangu hesabu hiyo kwa sauti, na mmoja wao akaniambia, "Karani, nyamaza."

Mnyapara alipiga magoti. Alifungua mafundo mawili ya mkoba kwa meno, kwa sababu vidole havikukunjika, akapapasa ndani bila kutazama mpaka akapata kikebe, akamvisha Nyongesa shingoni. Hapo ndipo alipotoa sauti ambayo sitaieleza.

Ofisa aliyekuja shambani kuandika habari ya kifo aliuliza maswali kwa nusu saa. Bwana alisema mtu yule aliamriwa kurudi kambini akakataa, na kwamba ugonjwa wa mlima humvuruga mtu akili. Mimi niliulizwa saa tu, nikatoa saa. Kisha ofisa akamgeukia Mnyapara, akamwuliza kama maneno ya Bwana ni kweli.

"Nilimwambia akae," Mnyapara alijibu. "Akakaa."

Siku ya pili hakuwa na kazi.

Kipande cha marehemu kilipaswa kurudishwa ofisini. Hiyo ndiyo sheria pekee ninayojua Mnyapara aliivunja kwa kukusudia. Alikipeleka Kimilili kwa mguu, nami nilikwenda naye kwa sababu najua lugha ya kule. Mjane alikuwa anapura wimbi uani. Nilimweleza yote kwa utaratibu, yeye akiendelea kupura. Nilipomaliza aliacha, akapangusa mikono, akapokea kikebe, akakifungua na kuitandaza ile karatasi juu ya goti. Hakujua kusoma. Alikuta zile alama nyeusi.

"Hivi ni vidole vyake?"

Nilisema ndiyo.

Aliweka vidole vyake juu ya alama, kimoja kimoja. Kisha akamtazama Mnyapara, akasema kwa Kiswahili ili asinihitaji, "Alikuomba hii?"

"Aliniomba."

"Ilikuwa mzito, ukashindwa kutoa?"

Tulipewa maji, tukanywa, tukaondoka. Njiani, mwendo wa siku mbili, alisema sentensi moja, tena si kwangu: "Hata fundo la kwanza nilikuwa nimelishika."

Baada ya hapo nilimwona mara chache. Nilisikia amekuwa kibarua Sugoi, kisha ameacha. Hakwenda tena mlimani, na kanisani alihamia mbele, lakini hakuimba. Mimi niliacha shamba miaka mitatu baadaye, nikapata kazi kwenye stoo ya mbao mjini, ambako nipo hadi leo.

Mara ya mwisho nilikutana naye Cheptiret. Vipande vya shingoni vilikuwa vimekwisha, na watu walitembea wakijishika shingo kwa mazoea. Lori letu la mbao lilipata pancha, dereva akashuka na jeki, mimi nikatembea kidogo kando ya barabara. Wanaume wapatao kumi walikuwa wamekaa juani wakiponda mawe ya barabara. Mmoja, mwenye kichwa cheupe kabisa, alikuwa anagonga kila jiwe mara moja, kidogo, kabla ya kulipiga.

"Mnyapara," nilisema.

"Hakuna mnyapara hapa. Kuna nyundo." Aliinua macho. "Karani. Umenenepa."

"Ni kukaa."

"Bado una saa?"

"Ninayo, sasa ni yangu mwenyewe."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika saba."

"Na dakika!" aliwaambia wenzake. "Nimewaambia juu ya huyu mtu." Wakacheka, naye akasogea kunipa nafasi. Alikuwa amekalia ule mkoba wa ngozi. Aliuvuta, akatoa kikopo cha ugoro, akanisogezea. Ndani ya mkoba sikuona kingine ila kipande cha ugali kwenye jani.

Tuliongea habari za mvua na za mkewe, ambaye alikuwa amefariki. Kisha akasema, akiangalia mawe:

"Watu wa kanisa wananiambia kosa ilikuwa ya Bwana wa shamba. Nimekataa hiyo. Bwana hakuwa na mkoba."

Nilichota ugoro kidogo.

"Lakini kitu moja mimi huuliza. Bwana alikuwa mtu mbaya, lakini miaka sita alikubali mtu wa tisa. Ile mwaka kwa nini alimkata? Mtu wa tisa angekaa na Nyongesa pale na moto. Angeshuka na yeye. Nimefikiri sana. Sijapata."

Ningeweza kusema ilikuwa nzige. Nilikuwa nimejiambia hivyo kwa miaka mingi.

"Si yeye aliyemkata," nilisema. "Alinipa orodha ya safari akaniambia, mwaka mbaya huu, punguza kitu. Hakusema kitu gani. Niliangalia mstari wa mwisho, nikaona mtu asiye na mzigo. Niliweka rula nikapiga mstari. Alitia sahihi bila kusoma. Wewe ulipouliza nilikuambia Bwana amekataa."

Nyundo yake ilibaki juu ya goti. Wenzake waliendelea kuponda. Aligonga jiwe moja kidogo, akalisikiliza, hakulipiga.

"Uliogopa yeye?"

"Hapana. Nilitaka aone kwamba najua kazi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitu alichokipoteza na kukikuta kidogo kuliko alivyokumbuka. Dereva aliniita kutoka barabarani. Mnyapara alifunga kikopo cha ugoro, akakirudisha mkobani.

"Ilikuwa pesa ngapi?"

"Mpagazi alilipwa senti hamsini kwa siku. Safari ilikuwa siku tano."

"Jumlisha, Karani. Hiyo ni kazi yako."

"Shilingi mbili na nusu," nilisema.